Uzeeni utahitaji shilingi ngapi kwa mwezi?

Msikilizaji, mkulima hapewi barua ya kustaafu. Siku mgongo ukigoma, amestaafu. Tupige hesabu mapema.

Chukua simu, fungua kikokotoo. Jumlisha unavyonunua kwa mwezi: mafuta, sukari, sabuni, dawa, vocha. Ongeza vibarua, maana shamba unalolima mwenyewe leo, uzeeni utalilimisha kwa pesa.

Tuseme jumla ni shilingi 150,000. Toa kitakachoingia bila kushika jembe, kama kodi ya chumba na mauzo ya nazi. Kikiwa 90,000, pengo ni 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Kuanzia miaka 60 hadi 80, pengo linafika 14,400,000, tena kwa bei za leo.

Watoto watasaidia, lakini nao wana ada za kulipa. Tusiwaweke kwenye hesabu.

Hapa Tanzania, mkulima anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Anayeitaka akifika miaka 60, asivuke 45 bila kuanza.