CHUMVI KATIKA VIKOMBE VYA UMEME: MAELEZO KWA WANANCHI

Wananchi wa Pemba wanafahamu kwamba tangu mwaka 2010 umeme hutoka Tanga kwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari, ambao ulichukua nafasi ya majenereta ya dizeli ya Wesha. Lisilofahamika sana ni kwamba umeme huo, kabla ya kuingia baharini, husafiri juu ya nguzo, ikiwemo njia ya kilovolti 132 itokayo Hale hadi mjini Tanga. Huko, nchi kavu, ndiko hewa ya bahari huleta hasara.

Nguzo hubeba vikombe vya kauri, vya kioo au vya mpira wa silikoni, ambavyo kazi yake ni kuuzuia umeme usishuke ardhini. Pepo za Kaskazi na Kusi hurusha chembe za chumvi, zikakaa juu ya vikombe pamoja na vumbi la barabara na la saruji. Chumvi kavu haina neno. Ikipata umande, ukungu au manyunyu, huyeyuka ikawa utando unaopitisha umeme. Hapo mkondo mdogo huanza kuvuja juu ya kikombe. Joto lake hukausha baadhi ya sehemu za utando, na umeme huzivuka sehemu hizo kwa cheche. Cheche zikiungana kutoka ncha hadi ncha, njia nzima huzimika. Mvua kubwa, kinyume na wanavyodhani wengi, ni rafiki, kwani huosha. Wakati wa kuhofiwa ni mwisho wa Kaskazi, baada ya wiki nyingi za ukavu, masika yanapoanza kwa manyunyu. Ndiyo maana umeme huweza kukatika alfajiri tulivu isiyo na dhoruba yoyote.

Kuosha vikombe vyote kila mara ni gharama, na mara nyingi hulazimu kuzima umeme. Kwa hiyo mafundi hupima kwanza. Karibu na ncha ya chini ya kikombe huvishwa pete ya chuma inayoukusanya mkondo unaovuja, na chombo huuandika usiku na mchana. Kikombe kisafi kwa kawaida huvujisha chini ya miliampia 1. Wastani peke yake hudanganya. Hutazamwa vilele vya mkondo na wingi wake. Aidha, umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na cheche zikianza, mapigo ya mara 150 huongezeka ndani ya mkondo huo. Unyevu wa hewa sharti uandikwe pamoja, maana kikombe kichafu kilichokauka huonekana kama kisafi.

Dalili zikizidi, vikombe huoshwa, hupakwa grisi ya silikoni, au hubadilishwa kwa virefu zaidi. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1986 ilitaka, penye uchafu mkubwa kabisa, milimita 31 za uso wa kikombe kwa kila kilovolti. Kwa njia ya kilovolti 33, ambayo hukadiriwa kufikia 36, uso huo huzidi mita 1.

Mwananchi atakayesikia mchemko au kuona mwanga wa buluu juu ya nguzo asiikaribie wala asiguse waya unaoishikilia. Atoe taarifa katika ofisi ya umeme iliyo karibu, akitaja mahali nguzo ilipo na saa aliyoiona.