Usingizi wakati wa sikukuu

Matatizo ya usingizi wakati wa sikukuu ni hali ya kukosa usingizi wa kutosha, au kulala kwa kukatizwa, ratiba za kila siku zinapovurugika. Nchini Tanzania, kwa mfano, mwezi wa Desemba familia nyingi husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, kisha hukesha katika ibada na karamu.

Sababu

Mwili una saa yake ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi. Saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga wa asubuhi. Mtu akiamka mchana kwa siku kadhaa, saa hiyo huchelewa, na usiku usingizi haumjii mapema. Pombe humfanya mtu asinzie haraka, lakini baadaye humkatizia usingizi. Kafeini ya chai na kahawa hukaa mwilini kwa saa nyingi.

Namna ya kukabiliana nayo

Jambo la kwanza ni kuamka wakati uleule kila siku, hata kama mtu alichelewa kulala, na kutoka nje kwenye mwanga. Upungufu hufidiwa kwa kulala kidogo mchana, dakika 20 hadi 30. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi. Vijana wa sekondari saa 8 hadi 10.

Hatari kubwa iko barabarani. Muziki au dirisha wazi havimwondolei dereva usingizi: asimamishe gari mahali salama alale, au ampe mwenzake usukani.

Tatizo likiendelea wiki kadhaa baada ya sikukuu, inafaa kumwona daktari.