Jina Kubwa na Foleni ya Tiketi

Hakuna filamu ya Superman iliyowahi kuingiza dola bilioni moja. Ya Aquaman iliingiza. Herufi S ya kifuani mwa Superman utaikuta kwenye fulana za mitumba katika masoko ya Gikomba na Karume, imevaliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema. Aquaman, kwa upande wake, alichekwa kwa miongo mingi kuwa ni shujaa ambaye kazi yake ni kuongea na samaki. Mwaka 2018 filamu yake ilikusanya takriban dola bilioni 1.15 duniani kote, na mpaka leo hakuna filamu nyingine ya mashujaa wa DC iliyoifikia kwa mapato, hata za Batman.

Nimezipitia rekodi za mashujaa wa katuni nikitafuta jibu la swali moja: jina la shujaa lina uzito gani pale mtu anapotoa noti yake dirishani? Jibu ninalolipata ni kwamba watu hulipia kitu ambacho hawajakiona. Jina kubwa linasaidia likiahidi kitu hicho. Lisipokiahidi, linabaki kwenye fulana.

Anayejulikana kuliko wote

Superman alitokea mara ya kwanza katika jarida la Action Comics mwaka 1938. Walimbuni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao waliuza haki zake kwa dola 130. Kuanzia hapo akaingia redioni, kwenye katuni za sinema, kwenye televisheni, na hatimaye katika filamu kubwa. Ukipanga filamu zake kwa mapato, ya juu kabisa ni Batman v Superman ya 2016 yenye karibu dola milioni 874, ambamo alishirikiana na mashujaa wengine wawili wakubwa. Man of Steel ya 2013 ilipata kama milioni 670. Superman Returns ya 2006 haikufika milioni 400. Ile ya 2025 iliyoongozwa na James Gunn ilivuka milioni 610, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani na Kanada peke yake.

Kwa jina la ukubwa ule, hesabu hizo zinashangaza. Lakini dola ya 1978 si dola ya 2013, na hapo ndipo orodha nyingi za rekodi zinapowapotosha wasomaji. Filamu ya Superman ya Desemba 1978, aliyoigiza Christopher Reeve chini ya mwongozaji Richard Donner, ilikusanya dola milioni 134 huko Marekani. Wakati huo tiketi moja iliuzwa kwa wastani wa dola mbili na nusu hivi. Man of Steel ilikusanya milioni 291 hukohuko kwa tiketi za wastani wa dola nane na ushee. Gawanya, uhesabu vichwa: filamu ya Reeve iliuza tiketi zaidi ya milioni 50, ya 2013 kama milioni 36. Hata ile ya 2025, pamoja na sifa zake zote, haikufika huko. Superman aliyejaza kumbi kuliko wote ni wa miaka zaidi ya 45 iliyopita.

Kwa nini yule? Nguo ni ileile, nywele ni zilezile, na jina lilikuwa tayari na miaka 40. Ila matangazo ya filamu ile yaliahidi jambo moja: kwamba utaketi kitini na kuamini kuwa mtu anaruka angani. Hakuna aliyekuwa amelionyesha hilo kwa namna ya kusadikika. Watazamaji walikwenda kulihakikisha kwa macho yao. Waliokuja baadaye walimkuta mtazamaji ameshaona watu wakiruka mara elfu.

Majina makubwa kuliko yote chini ya paa moja

Mwaka 2012 kampuni ya Marvel iliwakusanya mashujaa wake katika The Avengers. Kiongozi wao kwa mvuto alikuwa Iron Man, ambaye kabla ya 2008 hakuwa jina la kila nyumba. Marvel ilimchagua kwa kubanwa: ilipokuwa na shida ya fedha miaka ya tisini iliuza haki za filamu za vigogo wake, za Spider-Man zikaenda Sony, za X-Men zikaenda Fox. Ikaanza na waliobaki. The Avengers ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.5.

Miaka mitano baadaye DC ikajibu kwa Justice League. Humo ndani walikuwemo Superman, Batman na Wonder Woman, watatu ambao pengine hakuna mkusanyiko wa mashujaa unaojulikana zaidi yao popote duniani. Filamu hiyo ilipata kama dola milioni 660. Mwaka uliofuata mmoja wa wale waliokaa pembeni humo, Aquaman, akatoka peke yake akakusanya zaidi ya mara moja na nusu ya fedha hizo. Mwongozaji James Wan aliwapa watu ulimwengu mzima wa chini ya bahari, wenye miji, majeshi na majini ya baharini, kitu ambacho hakuna filamu ya shujaa iliyokuwa imekijenga kwa ukubwa ule.

Sijaona ushahidi mzito kuliko huu. Ukubwa wa jina ungekuwa ndio mafuta ya gari, Justice League ingeishinda The Avengers kwa mbali. Avengers walikuwa wamejengewa hadithi kwa miaka minne, filamu baada ya filamu, mpaka mtazamaji akawa na hamu ya kuwaona wakikaa meza moja. Hamu hiyo ilifika kilele mwaka 2019 kwa Avengers: Endgame, iliyokusanya karibu dola bilioni 2.8 na kushika taji la filamu yenye mapato makubwa kuliko zote kuanzia Julai mwaka huo hadi Machi 2021, Avatar ilipolirudisha kwa kuonyeshwa upya nchini China. Kati ya mashujaa waliowaliza watu katika Endgame alikuwemo rakuni mwenye bunduki, aitwaye Rocket, ambaye kabla ya 2014 ungemtaja mitaani usingepata mtu wa kumjua.

Aliyefungua milango mingi kuliko wote

Black Panther alichorwa mara ya kwanza mwaka 1966, ndani ya jarida la Fantastic Four. Kwa nusu karne alibaki shujaa wa wasomaji wa katuni. Wesley Snipes alijaribu miaka ya tisini kumpeleka kwenye sinema, mradi ukakwama. Ukimpima kwa umaarufu wa jina tu, mwanzoni mwa 2018 hakuwa amefika hata kwenye kivuli cha Superman.

Filamu ya Ryan Coogler ilipotoka Februari ile, iliingiza takriban dola bilioni 1.35, na nchini Marekani peke yake milioni 700. Kabla yake ni filamu mbili tu, Avatar na Star Wars: The Force Awakens, zilizokuwa zimefika milioni 700 huko. Halafu ikawa filamu ya kwanza ya shujaa wa katuni kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora, na ikaondoka na Oscar tatu, mojawapo ya mavazi, iliyomfanya Ruth E. Carter kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuishinda tuzo hiyo.

Sisi wa huku tunaikumbuka kwa sababu zetu. Kisumu ilifanyika hafla ya uzinduzi, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, baba yake Peter Anyang' Nyong'o akiwa gavana wa kaunti. Florence Kasumba, aliyemo pia, yule mlinzi mwenye sauti kavu anayesimama mbele ya Black Widow katika Captain America: Civil War, alizaliwa Kampala. Wazazi wa Daniel Kaluuya, mwigizaji mwingine wa filamu hiyo, ni Waganda. Na Aprili 18, 2018, Saudi Arabia ilipofungua ukumbi wa sinema Riyadh baada ya marufuku ya zaidi ya miaka 30, filamu iliyowekwa kwenye pazia ilikuwa Black Panther. Jina lililokuwa geni miaka miwili nyuma likawa ndilo la kufungulia sinema katika nchi nzima.

Hapa hakukuwa na siri. Mamilioni ya watu weusi walikuwa hawajawahi kuona taifa la Kiafrika lenye teknolojia, heshima na utajiri likiwekwa katikati ya filamu ya gharama kubwa, na mfalme wake akazungumza lugha ya Kixhosa bila kuomba radhi. Walikwenda wamevaa kitenge na kente, wakarudi tena na watoto. Wonder Woman ya Patty Jenkins ilikuwa imefanya jambo linalofanana mwaka mmoja kabla. Shujaa aliyeanza mwaka 1941 alisubiri miaka 76 kupata filamu yake mwenyewe ya sinema, na alipoipata alikusanya Marekani zaidi ya dola milioni 410, akiipita Man of Steel na Batman v Superman pia. Yeye jina alikuwa nalo tangu zamani. Kilichowatoa wanawake nyumbani ni kumaliza kiu ya miaka hiyo yote.

Asiyewahi kushuka

Kuna mmoja ambaye jina na foleni vinakwenda pamoja, naye ni Spider-Man. Tangu 2002, filamu ile ya Sam Raimi ilipokuwa ya kwanza katika historia kupata zaidi ya dola milioni 100 katika wikendi moja Marekani, waigizaji watatu tofauti wamevaa vazi lake katika filamu nane zilizobeba jina lake hadi 2021. Hakuna hata moja iliyopata chini ya dola milioni 700. Sijui shujaa mwingine mwenye rekodi ya namna hiyo kwa filamu nane. Ya nane, No Way Home, ilifika karibu bilioni 1.92 wakati korona haijaisha, na bila kuonyeshwa China kabisa.

Naamini nguvu yake ni hali yake ya maisha. Peter Parker hana kodi ya nyumba, anachelewa kazini, anamficha shangazi yake mambo. Kila kizazi kina kijana wa namna hiyo, kwa hiyo kila akianza upya ana jambo jipya la kusema. No Way Home nayo ilitoa kile ambacho hakijawahi kuonekana: Spider-Man wote watatu katika tukio moja.

Walioanguka kwa kasi kuliko wote

Hapa kuna wawili, na ulinganifu wao unanifundisha zaidi ya rekodi nyingine zote. Captain Marvel ya 2019 ilipata kama dola bilioni 1.13, mwendelezo wake wa 2023 ukapata milioni 206. Joker ya 2019 ilipata zaidi ya bilioni 1.07, mwendelezo wake wa 2024 ukaishia milioni 207 hivi, mwigizaji na mwongozaji wakiwa walewale. Carol Danvers, yaani Captain Marvel huyo, hakujulikana sana na umma kabla ya filamu yake. Joker ni adui anayejulikana kuliko wote katika hadithi za katuni, tangu 1940. Wameanguka kwa kiwango kilekile, mpaka karibu moja ya tano ya walichokuwa nacho. Ukongwe wa Joker haukumkinga.

Aliyerudi kutoka mbali kuliko wote

Umaarufu, hata hivyo, una faida moja ambayo hesabu za wikendi ya kwanza haziionyeshi: unampa shujaa nafasi ya kushindwa na kuitwa tena. Batman & Robin ya 1997 ilipata milioni 238 na kukosolewa vikali kiasi kwamba mfululizo ulisimama. Shujaa mdogo angezikwa hapo. Miaka minane baadaye Christopher Nolan akampa maisha mapya, na The Dark Knight ya 2008 ikawa filamu ya kwanza ya shujaa wa katuni kuvuka dola bilioni moja.

Na mauzo peke yake hayamjengi mtu nafasi hiyo. Miaka ya arobaini, shujaa aliyeuza majarida kuliko Superman alikuwa Captain Marvel mwingine, wa kampuni ya Fawcett, yule mvulana Billy Batson anayetamka neno moja na kugeuka shujaa mtu mzima. DC ilishtaki kwamba ameigwa kutoka kwa Superman, kesi ikavutana kwa miaka, na mwaka 1953 Fawcett wakaacha kumchapisha. Siku hizi anaitwa Shazam. Filamu yake ya 2019 ilipata milioni 366, ya pili ya 2023 milioni 134.

Daftari hizi zote zina upungufu unaotuhusu moja kwa moja. Haziwahesabu waliotazama kwenye vibanda umiza, wakisimuliwa picha kwa Kiswahili na Lufufu jijini Dar es Salaam au na DJ Afro nchini Kenya, wala waliojaa kwenye kumbi za video Uganda. Watu hao waliwajua steringi wa Hollywood kwa majina na kwa mapigo yao, wakalipa kiingilio chao kwa mwenye kibanda, na hakuna hata shilingi yao iliyoandikwa Los Angeles. Ukiniuliza kwa nini nembo ya Superman inatambulika hadi mahali ambapo hakuna ukumbi wa sinema kwa kilomita mia, nitaanzia kwenye vibanda hivyo kabla ya kumtaja mwongozaji yeyote.

Mwendelezo wa Superman umetangazwa kwa mwaka 2027, baada ya filamu ambayo haikukaribia bilioni. Ninamtakia heri kwa moyo wote. Kuruka tumeshamwona, na kubeba majengo pia. Nitanunua tiketi mapema wakinionyesha Clark Kent akifanya kazi yake ya uandishi wa habari kwa uzito uleule wanaoupa mapambano yake, jambo ambalo katika filamu zake zote za miaka hii limeguswa kidogo mno.