Koko wetu aliandikwa mkulima: kusoma karatasi za kodi za zamani Wagenia

Mtu wa Wagenia akitaka kujua koko wake alikuwa nani wakati wa Wabelgiji, huanza kwa wazee, na hilo ni sawa. Wazee wanajua ukoo, wanajua nani alimwoa nani, na wanajua mahali gani kwenye maporomoko pamekuwa pa familia gani. Lakini siku hizi watu wengi wanatoa pia karatasi kwenye masanduku: kijitabu cha utambulisho, kile ambacho wengi walikiita tu buku, risiti ya kodi, cheti cha ubatizo. Karatasi ina mhuri, ina mwaka, ina sahihi ya mzungu, na kwa sababu hiyo watu wanaiamini kuliko mdomo wa mzee. Makala hii inaeleza jinsi karatasi hizo zilivyoandikwa, ili anayezisoma ajue neno gani la kushika na neno gani la kuuliza mara mbili.

Neno la kwanza la kuuliza ni cultivateur, yaani mkulima.

Katika familia yetu neno hili lilileta maneno. Buku ya koko wa mama yangu imeandikwa cultivateur kwenye mstari wa kazi. Mjomba mmoja alishika hapo: kama mzee alikuwa mkulima, basi alitoka msituni, akaja kuishi kwa wavuvi kama mgeni, na watoto wake hawana haki ya kufunga miti kwenye maporomoko. Msomaji asiyejua Wagenia aelewe uzito wa jambo hili. Miti ile mikubwa inayosimamishwa kwenye mawe, na vikapu vinavyoning'inia katika maji yanayokimbia, havifungwi popote mtu apendapo. Kila mahali pana wenyewe, na haki hiyo inarithiwa. Kumwambia mtu kwamba koko wake hakuwa mvuvi ni kumtoa mtoni.

Je, neno hilo lilifikaje kwenye buku? Lazima turudi nyuma kidogo.

Chini ya Leopold II kodi haikulipwa kwa fedha. Watu walilipa kwa mpira, kwa chakula, kwa kubeba mizigo, na watu wa mtoni kwa kupiga makasia na kutoa samaki. Amri ya Novemba 1903 ilisema kila mtu mzima afanyie Leta kazi ya saa 40 kwa mwezi, na wote wanajua jinsi saa hizo zilivyonyooshwa. Baada ya nchi kuwa koloni la Ubelgiji mwezi wa Novemba 1908, serikali ilianza kudai fedha. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 ndiyo iliyoweka kodi ya fedha, na tarehe hiyo hiyo amri nyingine iliweka sheria za sheferi, yaani nani ni shefu na watu gani wako chini yake. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja: ili kutoza kodi lazima ujue watu wako wapi, na ili ujue watu wako wapi lazima kila mtu awe chini ya shefu fulani, katika kijiji fulani, kwenye orodha fulani.

Orodha hiyo ndiyo mama wa karatasi zetu zote. Mtumishi wa teritwari alipita kijiji kwa kijiji na karani wake, akaandika wanaume, wake zao na watoto. Macho yake yalikuwa hasa kwa wale walioitwa hommes adultes valides, wanaume wazima wenye nguvu, ambao kwenye karatasi wamefupishwa kuwa herufi tatu: HAV. Ukiona herufi hizo karibu na jina la koko wako, maana yake si cheo. Maana yake ni kwamba anaweza kulipa na anaweza kufanya kazi.

Halafu yakaja mashamba ya lazima. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka yenyewe: pamba sehemu nyingi, na kuzunguka Stanleyville hasa mpunga, ambao watu wa Tippu Tip walikuwa wameuleta mapema. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliweka kikomo cha siku 60 kwa mwaka za kazi za lazima. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Asiyetimiza alipelekwa mbele ya mahakama ya polisi, ambapo hakimu mara nyingi alikuwa administrata mwenyewe wa teritwari, yule yule aliyetoa amri ya kulima. Huyo alihukumu faini au gereza.

Sasa mtazame karani na karatasi yake. Mbele yake amesimama mwanaume wa kijijini. Hana bwana anayemlipa mshahara, si askari, si karani, si mfanyakazi wa reli ya Ponthierville. Kwa macho ya Leta mtu huyo ni wa shamba, kwa sababu shamba ndilo linalodaiwa kwake. Naona hivi: cultivateur katika karatasi za vijijini haisemi mtu alifanya nini asubuhi. Inasema Leta ilimweka katika kundi gani. Mpaka leo kwenye karatasi zetu za serikali neno hilo linajaza nafasi ya kila asiye na mshahara, hata muuza samaki wa soko.

Katika buku ya koko wetu kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa, risiti ya faini ya wakati wa vita. Sababu iliyoandikwa ni mashamba ya lazima. Mzee alikuwa hakufungua kipande chake cha mpunga. Mjomba alinyamaza kidogo alipoisoma, kwa kuwa “mkulima” aliyetozwa faini kwa kutolima ni mkulima wa namna ya pekee. Lakini tuseme ukweli: risiti hiyo haithibitishi kwamba alikuwa na mahali kwenye maporomoko. Inaondoa tu hoja iliyojengwa juu ya neno cultivateur. Haki ya mahali inabaki kwa wazee na kwa majirani wa mahali hapo, wale ambao miti yao inapakana na yenu.

Baada ya kazi, jina. Hapa sisi watu wa fakulte ya lugha tuna la kusema kuliko wanahistoria.

Karani aliandika alichosikia, kwa sikio la lugha yake. Mfano uko mbele ya macho yetu kila siku: mkoa wetu na mto wetu huandikwa Tshopo, kwa sababu Mfaransa akiona “ch” anasoma “sh”, basi akaongeza “t” mbele. Ndiyo maana jina linaloanza na Ch kinywani mwa mama yako litafutwe kwenye T. Sauti ya “j” imeandikwa “dj”. Sauti ya “u” imeandikwa “ou” na wengine, na Mflemi aliweza kuiandika “oe”. Herufi “g” mbele ya “e” au “i” iliwasumbua sana, kwani kwa Kifaransa inabadilika sauti, basi mmoja akaweka “gh”, mwingine “gu”, mwingine akaiacha. Na pale ambapo lugha zetu hazitengi sana “l” na “r”, karani alichagua moja, na mwenzake mwaka uliofuata akachagua nyingine.

Jina Wagenia lenyewe limepita njia hiyo. Wenyewe ni Waenya. Livingstone, alipokuwa Nyangwe mwaka 1871, aliandika Bagenya. Stanley, miaka michache baadaye, aliandika Wenya. Kiambishi “wa-” ni cha Kiswahili, kilichokuja na wafanyabiashara wa mashariki. “Ba-” ni cha lugha za ndani. Kwa hiyo anayetafuta katika faharasa ya zamani chini ya W peke yake atapoteza nusu ya karatasi. Atafute W, B, G na E.

Jambo la pili kuhusu majina ni kwamba sisi hatuna jina la ukoo kwa namna ya Wazungu. Mtoto hupewa jina la koko, la rafiki wa baba, la tukio. Watoto watatu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana, na karatasi haitawaunganisha yenyewe. Juu ya hilo, mtu alipata jina la ubatizo, na karani wa kodi aliweza kuandika hilo peke yake. Kisha mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya Kikristo yalikatazwa, na watu wakaandikisha majina mengine. Koko huyo huyo anaweza kuwa Pierre kwenye buku na mtu mwingine kabisa kwenye kitambulisho cha Zaïre. Kabla ya kufungua daftari lolote, kaa na wazee uandike majina yote ya mtu mmoja: la utotoni, la ubatizo, la baada ya 1972, hata lile la utani. Mara nyingi la utani ndilo lililoandikwa.

Umri nao usiuamini haraka. Kwenye karatasi utaona né vers, yaani alizaliwa karibu na mwaka fulani. “Karibu” hiyo ilikuwa macho ya karani. Tena mtu alikuwa na sababu ya kujifanya mdogo ili asianze kulipa, au mzee ili aache kulipa. Wagenia wana kipimo bora zaidi, nacho ni gaza, sherehe ya kuwatahiri vijana. Gaza haifanyiki kila mwaka. Miaka mingi inaweza kupita kabla ya kuitishwa nyingine, na waliotahiriwa pamoja hawasahauliani. Mholanzi André Droogers aliandika kitabu kizima kuhusu gaza ya mwaka 1970. Ukijua koko wako aliingia gaza pamoja na nani, na mmoja wa wenzake ana tarehe ya ubatizo parokiani, umepata umri wa koko kwa njia iliyo imara kuliko né vers ya karani.

Wanawake ndio wanaopotea zaidi. Kodi ilitozwa kwa mwanaume, na mke aliandikwa kama kitu cha kuhesabiwa chini yake. Kulikuwa na kodi ya nyongeza kwa kila mke baada ya wa kwanza, kwa hiyo mwenye wake wengi hakuwa na haraka ya kuwataja wote. Ukikuta wazee wanataja wake watatu na karatasi inataja mmoja, usiseme wazee wanadanganya. Fikiri kwanza juu ya fedha. Hata hivyo orodha hizo zina faida moja: pale mke alipoandikwa, mara nyingi kijiji chake kimeandikwa pia, na kwa upande wa kina mama hiyo inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee.

Parokia zinasaidia hapo. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifika Stanley Falls na Gabriel Grison mwaka 1897 wakafungua misheni ya Saint-Gabriel. Katika daftari la ubatizo, kwa Kilatini, huandikwa jina la mtoto, baba, mama na msimamizi. Msomaji wengi humpita msimamizi, nami nasema aanze naye, kwani mara nyingi ni ndugu au mtu wa jirani. Padri hakutafuta kodi, kwa hiyo watu walikuwa na sababu chache za kumficha mama.

Mtu aliyehama naye ana alama zake. Kuondoka katika sheferi kwa zaidi ya siku 30 kulihitaji karatasi iliyoitwa passeport de mutation. Kwa swali la mjomba wetu hii ndiyo karatasi yenye nguvu: mgeni aliyekuja kutoka msituni miaka ya 1930 au 1940 kwa njia ya sheria angekuwa nayo, au buku yake ingeonyesha sheferi ya kwanza na ya pili. Buku ya koko inaonyesha moja tu. Wale waliohamia mtaa wa wafanyakazi mjini, katika centre extra-coutumier iliyowekewa sheria mwaka 1931, walitolewa kwenye orodha ya shefu wakaingizwa kwenye ya mji. Usipomwona mtu kijijini, mtafute huko.

Karatasi ziko wapi leo? Nyingi hazipo. Stanleyville iliangukia mikononi mwa Simba tarehe 5 Agosti 1964 na ikachukuliwa tena tarehe 24 Novemba. Ofisi na misheni ziliporwa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji huu. Sehemu ya karatasi za serikali ya koloni ilipelekwa Brussels karibu na uhuru, na leo ziko chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji. Humo kuna ripoti za teritwari zaidi kuliko majina ya watu. Kwa hiyo anza nyumbani, kwenye sanduku, halafu parokia, halafu ofisi ya komini na ya teritwari. Piga picha kila ukurasa mbele na nyuma, kwa kuwa mhuri wa kodi mara nyingi umegongwa nyuma. Ukienda kwa wazee, nenda na picha hizo, uwasomee kila neno kwa sauti kama karani alivyoliandika, na uwaache walirekebishe.