Unauza koi mtandaoni? Uza bwawa kwanza, samaki baadaye

Leo tuongelee koi, wale samaki wa mapambo wenye rangi nyekundu, nyeupe, nyeusi na dhahabu. Weka video ya sekunde kumi ya koi wanaogelea, utaona inboksi inavyojaa. Na wote wanauliza kitu kimoja: "Bei gani?"

Ushauri wangu: usijibu bei kwanza. Uliza, "Bwawa lako lina lita ngapi?"

Mimi niko Balangdalalu, wilaya ya Hanang. Nauza mimea ya bwawa ninayootesha nyumbani, na koi naagiza kwa oda. Nilichojifunza kwa wateja ni hiki: samaki wakifa ndani ya wiki mbili, mteja halaumu maji yake, anakulaumu wewe. Tena halalamiki inboksi, anaandika chini ya posti yako watu wote wasome. Kwa hiyo bidhaa yako sio samaki aliyefika salama kwenye mfuko. Bidhaa yako ni samaki ambaye baada ya miezi miwili bado anaogelea.

Twende hatua kwa hatua.

1. Hesabu lita kabla ya bei

Koi ni samaki wa jamii ya karpi. Wakulima wa mpunga wa mkoa wa Niigata, Japani, ndio walioanza kuwachagua kwa rangi miaka zaidi ya 200 iliyopita. Unayemuuza leo ana urefu wa kidole, lakini akitunzwa anafika sentimita 60 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mteja wengi hawalijui hilo, na ukinyamaza umemdanganya.

Kipimo ninachotumia: bwawa lisipungue lita 4,000, kina kisipungue mita 1, na kila koi atengewe lita 1,000. Yaani simtanki zima la lita 1,000 ni nafasi ya koi mmoja aliyekua.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha urefu, upana na kina kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000. Bwawa la mita 3 kwa 2 lenye kina cha mita 1 lina lita 6,000. Hapo ni koi 6. Mteja akikwambia anataka 20, mwambie ukweli.

Mwenye beseni au ndoo usimuuzie koi kabisa. Muuzie mafunjo ya kwenye chungu chenye udongo uliolowa. Atafurahi, na siku akijenga bwawa atakukumbuka.

2. Maji ya kwetu yana tabia zake

Huku Hanang tuna Ziwa Balangida, lenye chumvi na magadi. Maji ya visima nayo yanatofautiana, kisima hiki hakifanani na kile. Kwa hiyo kipimo cha pH ni kitu cha kwanza mteja kuwa nacho. Koi anakaa vizuri kwenye pH ya 7 hadi 8.5.

Kwa nini ni muhimu? Uchafu wa samaki unatoa amonia. Kwenye joto la nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo ndiyo inakuwa sumu kali. pH ikifika 8 inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9 inapita asilimia 30. Samaki wale wale, chakula kile kile, lakini maji ya magadi yanawaua na maji ya jirani hayawaui.

Mteja mwenye kisima cha magadi achanganye na maji ya mvua kidogo kidogo, asibadilishe yote kwa siku moja. Wa maji ya bomba ayaache kwenye chombo cha wazi siku mbili ili klorini itoke.

Chakula nacho kina kanuni. Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Apewe kidogo kidogo, kiasi anachomaliza ndani ya dakika 5. Baridi yetu ya Juni na Julai koi anaivumilia kuliko sato, ila mmeng'enyo wake unapungua kasi, kwa hiyo chakula kipunguzwe.

3. Mimea iende mwezi mmoja kabla

Hapa ndipo penye biashara ambayo wengi wanaipita. Bwawa jipya halina bakteria wa kula amonia. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuzaliana kwenye mawe, kuta na chujio. Ukiuza samaki 6 siku bwawa linapojazwa, umeuza msiba.

Mimi namuuzia mteja mimea kwanza. Mwezi ukiisha nampelekea koi wawili, wengine baadaye. Oda moja imekuwa oda tatu, na samaki wamekuta maji tayari.

Mimea ninayoipendekeza:

Yungiyungi. Majani yake yanaelea, yanatia kivuli na kuyanyima jua yale maji ya kijani. Linataka jua la saa 6 kwa siku. Majani yafunike kama nusu ya bwawa, yasizidi sana, maana usiku mimea nayo inatumia oksijeni. Ukisikia samaki wanahema juu ya maji alfajiri, oksijeni imepungua.

Mafunjo. Yanapendeza pembeni na mizizi yake inanyonya uchafu. Yakiachwa huru yanapita mita 4, kwa hiyo yakae kwenye ndoo.

Magimbi. Ndiyo, haya haya ya kula. Yanapenda matope na yanakula mbolea ya samaki. Mwambie mteja utomvu wake unawasha.

Matete usiuze kwa mwenye bwawa la nailoni. Mizizi yake inatoboa.

Kumbuka koi anafukua na anakula mimea. Kila mmea uende kwenye chungu, juu ya udongo yawekwe mawe makubwa kuliko mdomo wa samaki. Njia bora zaidi ni kibwawa kidogo cha pembeni chenye mimea tu, pampu inapeleka maji huko yanasafishwa na kurudi.

4. Kuna vitu hatuuzi, hata kama vinalipa

Gugumaji lina ua zuri la zambarau na linajiotea bure, kwa hiyo linaleta tamaa. Usiliuze. Asili yake ni Amerika Kusini na lilisambazwa duniani kama ua la mapambo. Lilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 likaziba mialo na bandari mpaka boti zikashindwa kupita. Lile linaloelea kama kabeji ndogo nalo tuliache.

Koi wenyewe pia wasiachiwe kwenye maji ya asili. Ndugu zao karpi walionekana Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 2001, na ndani ya miaka kumi hivi wakawa ndio samaki wengi wanaovuliwa pale. Sisi tuna Ziwa Basotu ambalo watu wanakula kwalo. Ndiyo maana kila mteja namwambia: ukichoka na samaki, nipigie nitamchukua, usimtupe ziwani wala mtoni.

Na kabla hujaanza kusafirisha samaki hai, nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako uulize vibali. Ni bora uulize mapema kuliko kukamatwa na mzigo njiani.

5. Gawa gharama kwa samaki walio hai

Tuchukue mfano. Umenunua koi 20 kwa 10,000 kila mmoja, ni 200,000. Usafiri na mifuko 40,000. Jumla 240,000. Wengi wanagawa kwa 20, wanapata 12,000, wanauza 15,000 na kufurahia faida ya 3,000.

Lakini watatu wamekufa njiani. Umebaki na 17. Gawa 240,000 kwa 17, ni kama 14,100. Sasa ile 15,000 inakuachia 900, na hujahesabu chakula cha wiki mbili za uangalizi. Ndio, wiki mbili. Samaki wapya wakae peke yao kabla hujawauza, ugonjwa ukiwepo ujitokeze kwako, sio kwa mteja. Gharama hiyo iingie kwenye bei.

6. Kusafirisha na kuandika posti

Samaki asile saa 24 kabla ya safari. Mfuko uwe na maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, uingie kwenye boksi lenye giza. Mteja akipokea, mfuko wote uelee bwawani dakika 20, kisha aongeze maji ya bwawa kidogo kidogo ndipo amtoe samaki.

Kwenye kapsheni andika urefu wa samaki kwa sentimita na upige picha ya samaki yule yule. Kohaku ni mweupe mwenye mabaka mekundu. Sanke ni hivyo hivyo akiongezewa madoa meusi. Ogon ni wa rangi moja inayong'aa. Kama huna uhakika, andika rangi tu. Na usiahidi rangi itabaki vile vile, koi wanabadilika wakikua.

Nakili hii, iweke kwenye majibu yako ya haraka:

"Asante kwa kutuandikia. Kabla ya bei naomba kujua: bwawa lina urefu, upana na kina gani? Lilijazwa maji lini? Maji ni ya kisima, bomba au mvua? Umeshapima pH? Una mimea gani ndani?"

Kuna watakaokimbia wakisoma maswali haya. Waache waende, hao ndio wangerudi na picha ya samaki waliokufa. Watakaojibu ndio wateja wa miaka, maana leo anachukua mafunjo, mwezi ujao koi wawili, mwakani chakula na pampu.

Wewe unauza kiumbe hai gani mtandaoni: samaki, vifaranga, miche? Unamuuliza nini mteja kabla ya kupokea hela yake? Andika hapo chini tujifunze wote.