Msokoto wa Ekseli na Uteuzi wa Chuma cha Kuuzuia: Mfano wa Magari ya Kukokota Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, hadhi hiyo bado haijafika chini ya lori, mahali ambapo fundi hulala chali akitafuta kilichoharibika. Makala hii inanuia kueleza hitilafu moja ya magari ya kukokota, yaani msokoto wa ekseli, na namna ya kuteua chuma cha kuuzuia. Hoja yetu kuu ni kwamba tiba ya gari, sawa na tiba ya mtu, hutanguliwa na jina la ugonjwa. Hitilafu isiyo na jina aghalabu hutibiwa kwa dawa ya hitilafu nyingine.

2. Mazingira ya Kazi

Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa hupita Makueni kwa kufuata Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Malori yanayoharibika katika njia hiyo husubiri gari la kukokota, ambalo wengi hulijua kwa jina la brekidauni. Makueni pia ina miinuko mikali ya Mbooni na Kilungu. Kutoka Kibwezi, njia nyingine hupita Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui. Kaunti zote mbili zina mito ya msimu ambayo wakati wa kiangazi hubaki mchanga mtupu, na malori yanayoingia humo kuchota mchanga hukwama mara kwa mara.

Gari linalokwenda kunasua lori lililokwama hufanya kazi ya namna ya pekee: hutumia gia ya chini kabisa, mwendo mdogo na nguvu nyingi. Hali hiyo hasa ndiyo inayozaa msokoto.

3. Msokoto wa Ekseli ni Nini?

Malori mengi huegemea springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Springi hizo zina kazi mbili. Kwanza, hubeba uzito na kupunguza mtikisiko. Pili, huzuia gamba la ekseli lisizunguke. Ni hii kazi ya pili inayosahauliwa.

Gurudumu linaposukumwa kuzunguka mbele, gamba la ekseli husukumwa kuzunguka nyuma kwa nguvu iyo hiyo. Ncha ya mbele ya difu huinuka, sehemu ya mbele ya springi hubinuka juu na ya nyuma hubonyea chini. Ukiitazama kwa upande, springi huwa na umbo la herufi S. Magurudumu yakiteleza ghafla, springi hufyatuka na kurudi mahali pake. Yakishika tena ardhi, hujisokota upya. Dereva husikia nyuma ya gari ikidundadunda. Breki zinapokamatwa, mambo hugeuka: ncha ya difu huinama.

Madhara yake si kelele tu. Pembe ya propela hubadilika na krosi zake huvunjika, yubolti hulegea, boliti ya katikati ya springi hukatika, na ekseli ikaweza kuhama mahali pake. Gari linalovuta lori jingine kwenye mteremko likipatwa na hayo, walio hatarini ni watu wa magari yote mawili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme injini inatoa mzunguko wa nyutoni-mita 400, gia ya kwanza inauzidisha mara 6 na difu mara 5. Nguvu ya mzunguko inayofika kwenye ekseli, tukipuuza inayopotea njiani, ni nyutoni-mita 12,000. Ikiwa chuma cha kuizuia kina urefu wa mita 1.2, ncha yake ya mbele itaisukuma chesisi kwa nyutoni 10,000, karibu uzito wa tani moja. Kikiwa na nusu ya urefu huo, msukumo huongezeka maradufu.

4. Kuteua Chuma cha Kuzuia Msokoto

Kabla ya kununua au kuchomelea chochote, sharti springi ikaguliwe. Bamba lililovunjika, bushi zilizolika na yubolti zilizolegea huweza kuleta dalili zizo hizo. Baada ya hapo, maswali manne yatamwongoza mteuzi.

(a) Je, chuma kinairuhusu springi ipande na kushuka? Chuma kilichofungwa kwa ukakamavu pande zote mbili hushindana na springi, kwa kuwa ncha zao hazifuati tao moja. Kwa hiyo, chuma kikifungwa imara kwenye ekseli, ncha yake ya mbele hupaswa kuning'inia kwenye shakeli, yaani kiungo kinachoyumba mbele na nyuma. Kanuni ni hii: zuia mzunguko, usizuie mpando.

(b) Kina urefu gani? Kama tulivyoona, chuma kirefu huipunguzia chesisi mzigo. Isitoshe, ncha ya mbele ikiwa karibu na kiungo cha mbele cha propela, pembe ya propela haibadiliki sana gari linapopanda na kushuka.

(c) Kimoja au viwili? Vyuma viwili hugawana mzigo na hufaa gari la barabara ya lami. Lakini kwenye mto wa mchanga, gurudumu moja likizama na jingine likipanda, vyuma hivyo hupingana. Kwa kazi hiyo, chuma kimoja chenye nguvu karibu na difu huiacha ekseli iinamie upande wowote, ila chenyewe lazima kiweze kustahimili mzigo wote.

(d) Kinakaa wapi? Ipo aina fupi inayofungwa chini ya springi, yenye mpira unaoigusa springi inapoanza kujisokota. Ni rahisi na si ghali, lakini huzuia zaidi gari likienda mbele, na kwa kuwa huning'inia chini, mawe huigonga.

Tahadhari mbili zahitajika. Kuchomelea ovyo chesisi au gamba la ekseli huweza kudhoofisha au kupinda vyuma hivyo. Mahali pawezekanapo, boliti ni bora. Pia, chuma hiki hakiongezi uwezo wa gari kubeba mzigo.

5. Suala la Istilahi

Msomaji anaweza kuuliza mjadala huu unawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili. Dereva anapolalamika kwamba gari linadunda, jibu jepesi ni "springi imechoka", na dawa yake ni kuongeza mabamba. Mabamba hayo huweza kupunguza msokoto kiasi, lakini gari tupu huwa gumu na fedha hutumika kwa kazi isiyo yake. Kauli hiyo inaijua springi kama mbebaji tu. Kazi yake ya pili haina jina ndani yake.

Kiswahili hakikosi mali ya kuziba pengo hilo. Neno usukani lilikuwa la chombo cha baharini kabla ya kuhamia garini. Shehena nayo ilishuka jahazini ikapanda lori. Vivyo hivyo, kitenzi sokota, ambacho wasemaji hukijua katika kamba na katika msokoto wa tumbo, chaweza kubeba dhana hii bila kulazimishwa. Kinatofautisha kupinda, ambako springi hubeba mzigo, na kusokotwa, ambako hupambana na injini. Istilahi ya namna hii hueleza inapotaja.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba msokoto wa ekseli hutokana na nguvu ya mzunguko wala si uzito, na kwamba chuma kifaacho ni kile kinachozuia mzunguko huo huku kikiiachia springi kazi yake. Uundaji wa istilahi usiishie katika sarufi na fasihi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Kitui au Makueni anayo maabara karibu na kwao: gereji ya jua kali. Aingie humo akiwa na daftari, asikilize mafundi wanavyoita vitu, kisha awape majina ya vile wanavyovishika kila siku bila kuvitaja.