Kioo cha helmeti kinapata ukungu wakati wa baridi? Usiivue, fanya hivi

Kama unaendesha bodaboda Namatala, au unapanda bodaboda kwenda kazini kila asubuhi, hali hii unaijua. Mvua ya usiku haijakatika vizuri na baridi inashuka kutoka mlima Wanale. Unavaa helmeti, unashusha kioo, na kabla hujafika kwenye lami kioo kimekuwa cheupe. Huoni shimo, huoni mtoto anayevuka, huoni lori linalokuja mbele yako.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine hupandisha kioo juu kabisa, na vumbi, mvua, wadudu na mawe madogo yanayorushwa na magari huwapiga machoni. Wengine huivua helmeti na kuitundika kwenye usukani, na hapo kichwa kinabaki bila kinga. Uchambuzi wa tafiti nyingi, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) limeutumia katika mafunzo yake, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa takriban 42%, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban 69%. Sheria ya Uganda pia inamtaka dereva na abiria wote wawili wavae helmeti.

Kwa hiyo ukungu si jambo dogo la usumbufu. Ni moja ya sababu zinazowafanya watu waache helmeti siku zile ambazo barabara inateleza na helmeti inahitajika zaidi. Habari njema ni kwamba unaweza kuuzuia kwa sabuni, kitambaa safi na kubadilisha mazoea machache.

Ukungu huu unatoka wapi?

Wengi wanadhani unatokana na mvua ya nje. Mara nyingi unatoka kwako mwenyewe. Hewa unayotoa puani na mdomoni ina joto la takriban nyuzi 34 na imejaa mvuke wa maji. Mvuke huo ukigusa kioo ambacho kimepoa kwa mvua na upepo, unageuka kuwa matone madogo sana ya maji.

Ni kama chupa ya soda inayotolewa kwenye friji. Baada ya muda mfupi chupa inalowa kwa nje, ingawa haivuji. Maji yale yametoka kwenye hewa iliyoizunguka. Kwenye helmeti, hewa yenye mvuke iko ndani na baridi iko nje, ndiyo maana kioo kinalowa upande wa ndani.

Tone moja moja halionekani kwa macho, lakini yakiwa maelfu, kila moja linapinda mwanga kuelekea upande wake. Usiku hali huwa mbaya zaidi: taa ya gari moja inatawanyika na kujaza kioo chote.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kupambana na ukungu: punguza mvuke unaofika kwenye kioo, acha hewa ipite ndani ya helmeti, au fanya maji yasijikusanye kuwa matone. Ushauri wote unaofuata unatokana na njia hizo tatu.

Kwa nini tatizo ni kubwa upande wetu?

Mji wa Mbale uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Ukimpeleka abiria Kapchorwa, unatoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi ndani ya safari moja. Ukielekea upande wa bonde, kwenye kinamasi cha mto Namatala na mashamba ya mpunga, asubuhi hewa imejaa unyevu.

Msomaji aliye Kisoro au Kabale analijua jambo hili vizuri, na vilevile yule aliyeendesha pikipiki kwenye milima ya Masisi au Lubero kabla ya kukimbilia Uganda. Ushauri ni uleule popote ulipo.

Kabla ya kutoka nyumbani

1. Osha kioo. Tumia maji safi na sabuni kidogo. Acha maji yalainishe matope kwanza, kisha pangusa taratibu kwa kitambaa laini cha pamba. Ukisugua vumbi likiwa kavu, unakwaruza kioo. Kioo kichafu au chenye mikwaruzo hushika ukungu haraka.

2. Paka sabuni upande wa ndani. Weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kitambaa chenye unyevu, au pitisha kitambaa hicho juu ya sabuni ya kipande. Paka kioo chote kwa ndani, tabaka jembamba tu. Acha kikauke, kisha pangusa polepole kwa kitambaa kikavu mpaka uone vizuri. Usisuuze kwa maji tena, kwa sababu utaiondoa sabuni yote.

Sabuni haizuii mvuke kufika kwenye kioo. Inachofanya ni kuyatandaza maji yawe utando mmoja mwembamba badala ya matone, na mwanga hupita moja kwa moja kwenye utando huo. Mvua na kufutafuta huiondoa, kwa hiyo wakati wa mvua paka tena kila asubuhi. Hakikisha haibaki nyingi, isije ikachuruzika na kukuingia machoni.

3. Kausha sponji ya ndani. Helmeti iliyolowa jana inatoa mvuke leo, hata kama unapumua vizuri. Usiiache sakafuni usiku. Itundike kwenye msumari, kioo kikiwa wazi, mahali penye hewa. Usiikaushe karibu na jiko la mkaa, kwa sababu joto kali linaharibu sehemu ya ndani inayokinga kichwa.

4. Zibua matundu ya hewa. Helmeti nyingi zina tundu mbele ya kidevu na mengine juu au nyuma. Matope na vumbi la Namatala huyaziba. Yasafishe kwa mswaki wa zamani na uyafungue, hata wakati wa baridi.

Ukiwa barabarani

Fungua kioo kidogo. Nafasi ya upana wa kidole inatosha kuingiza hewa na kusukuma mvuke nje, huku macho yakiendelea kukingwa. Ukisimama kwenye steji au kwenye foleni karibu na Clock Tower, pandisha kioo juu. Ukungu mwingi huingia pikipiki ikiwa imesimama, kwa sababu hakuna upepo wa kuuondoa.

Pumua kwa pua, si kwa mdomo. Hewa ya puani huelekea chini, ya mdomoni huenda mbele moja kwa moja kwenye kioo. Kama unafunika uso kwa skafu au barakoa kwa sababu ya baridi, ibane vizuri juu ya pua. Ikilegea hapo juu, pumzi yote inapanda kwenye kioo na machoni.

Angalia pia ukungu uko upande gani. Ukishuka kutoka baridi ya Kapchorwa kuja kwenye joto la Mbale, kioo bado ni baridi na hewa ya bondeni ina unyevu. Ukungu unaweza kushika kwa nje. Ukisimama, pangusa nje kwanza. Kama hauondoki, uko ndani.

Ukungu ukikushika ghafla

Usipige breki ya ghafla. Aliye nyuma yako anaweza kukugonga. Fungua kioo kidogo, punguza mwendo taratibu, onyesha ishara, kisha toka kabisa barabarani mahali palipo wazi. Usisimame kwenye kona wala ukingoni mwa lami. Barabara ya Tororo kupitia Mbale kwenda Soroti ina malori mengi, na dereva wa lori anapata shida kukuona kwenye mvua.

Usijaribu kufuta kioo kwa ndani huku unaendesha. Unabaki na mkono mmoja kwenye usukani, na kiganja chenye mafuta na vumbi hukiacha kioo kikiwa kibaya zaidi. Dakika mbili za kusimama hazikupotezei mteja.

Vitu vya kuepuka

Petroli, mafuta ya taa, tina ya rangi na jiki: vioo vingi vya helmeti ni plastiki ngumu. Vitu hivi vinaweza kuifanya iwe na nyufa ndogo na kupoteza nguvu, hata kama mwanzoni inaonekana safi.

Dawa ya meno, majivu na sabuni ya unga yenye chembechembe: vinakwaruza.

Mafuta ya kupikia au ya kujipaka: yanashika vumbi, na usiku taa za magari hutawanyika kwenye kioo.

Kioo cheusi wakati wa usiku au mvua nzito: hata bila ukungu, hakikuonyeshi barabara.

Abiria naye

Abiria mara nyingi hupewa helmeti ambayo watu kumi wameivaa kabla yake, imelowa na inanuka, na ndiyo maana wengi hukataa kuivaa. Ukiwa dereva, isafishe na uianike kama yako. Ukiwa abiria, unaweza kufunga kitambaa chepesi na kisafi kichwani kabla ya kuivaa, bila kuifanya ilegee, kisha funga mkanda wa kidevu. Mwombe dereva mapema asimame kama haoni. Una haki ya kusema, "Simama kwanza ufute kioo."

Miwani ya kawaida na miwani ya kazi

Kanuni ni zilezile kwa anayevaa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali. Mwaka 2011 madaktari wawili waliandika katika jarida la chuo cha madaktari wa upasuaji cha Uingereza kwamba ukiosha miwani kwa maji ya sabuni, ukakung'uta matone na kuiacha ikauke, haipati ukungu kirahisi unapovaa barakoa. Wakati wa COVID-19 watu wengi duniani waliitumia njia hiyo.

Mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma nao hupata ukungu, safari hii kwa sababu ya jasho. Kama miwani yako ina matundu pembeni, usiyazibe. Vaa kitambaa kwenye paji la uso kishike jasho. Ikishika ukungu, zima mashine kwanza ndipo uivue. Cheche moja ya chuma inatosha kuharibu jicho.

Waliozoea baridi kali wanafanyaje?

Katika nchi zenye theluji, watu wanaoteleza milimani kwa ski walisumbuliwa na tatizo hili kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 daktari wa meno Mmarekani, Bob Smith, alitengeneza miwani ya theluji yenye vioo viwili, na hewa katikati. Kioo cha nje kinapoa, lakini cha ndani kinabaki na joto kiasi, kwa hiyo mvuke wa mtu haugeuki maji haraka. Baadhi ya helmeti za pikipiki siku hizi zina tabaka la pili la namna hiyo upande wa ndani wa kioo.

Ukipata helmeti yenye tabaka hilo, au iliyopakwa dawa ya kuzuia ukungu kiwandani, usiisugue wala usiipake sabuni. Ioshe kwa maji tu na uiguseguse kwa kitambaa laini. Kwa ya kawaida, sabuni inatosha.

Kioo kikishachakaa kwa mikwaruzo, hakuna sabuni itakayokirudisha. Uliza dukani kama kuna kioo cha kubadilisha kinachoingia vizuri kwenye helmeti yako kabla ya kununua helmeti nzima. Wakati wa kununua, jaribu kitu kimoja hapohapo dukani: vaa, shusha kioo, fungua matundu, pumua mara kumi. Utajua kama hewa inapita.

Kwa walio kwenye steji moja, mnaweza kuweka kichupa kimoja cha sabuni ya maji na vitambaa viwili safi kwa matumizi ya wote. Asubuhi ya mvua, kila mmoja afute kioo chake kabla ya kumpakia abiria wa kwanza.